Chupa 20 za Profesa Beal

Najua nimepotea kidogo, mitihani imetubana. Leo nawaachia stori ya historia, si ya mapenzi, msikimbie.

Mwaka 1879 Profesa William Beal, wa chuo cha kilimo kule Michigan, Marekani, alichanganya mbegu za magugu na mchanga, akajaza chupa 20 na kuzifukia hapo hapo chuoni. Kila chupa ilikuwa na mbegu zaidi ya 1,000. Swali lake lilikuwa la mkulima kabisa: unapalilia wee, magugu yanarudi, sasa hizo mbegu zinakaa hai ardhini miaka mingapi?

Chupa moja ikawa inafukuliwa kila miaka 5. Beal alifariki 1924, wenzake wakarithishana kazi, na ili chupa zisiishe haraka wakasogeza muda hadi miaka 10, kisha 20. Mwaka 2021 wakafukua nyingine, usiku, mwanga usije ukaziamsha mbegu. Baadhi ya mbegu za gugu liitwalo Verbascum blattaria zikaota. Baada ya miaka 142, jamani! Zimebaki chupa 4, ya mwisho ni ya mwaka 2100.

Ila kuotesha kunakwambia tu hii hai, ile imekufa. Hakukwambii iliyo hai imezeeka kiasi gani. Na hapo ndipo penye hatari kwa mbegu za chakula: ghalani zinaweza kuota vizuri miaka mingi, halafu zikaporomoka ghafla. Ukija kushtuka, na kama zilikuwa za mwisho za aina yake, ndo basi tena.

Huko Fort Collins, Colorado, kuna hifadhi ya mbegu ya serikali iliyofunguliwa 1958. Christina Walters, Margaret Fleming na wenzao walipima RNA ya mbegu za soya zilizokaa humo miaka tofauti. Wakakuta nyuzi za RNA zinakatika vipande taratibu kadiri miaka inavyokwenda, maana mbegu kavu haiwezi kujikarabati. Tena zinaanza kukatika wakati mbegu bado inaota kama kawaida! Yaani unapata onyo mapema: panda sasa, uvune mbegu changa. Na Fleming huyo huyo alikuwemo kwenye kundi lililofukua chupa ya 2021.

Bibi zetu waliotundika mahindi ya mbegu juu ya meko hawakuhitaji kipimo hicho, kwani walipanda kila msimu. Anayekihitaji ni yule anayefungia mbegu miaka 50 akiamini ziko salama kwa kuwa zimetulia.

Haya, narudi kwenye daftari. Niombeeni.