Darasa la Tano katika Viunga vya Dar es Salaam: Ahadi ya Elimu ya Msingi Kinondoni na Temeke, 1947–2024

1.0 Utangulizi

Historia ya elimu ya msingi nchini Tanzania imeandikwa, kwa kiasi kikubwa, kwa kutazama milango yake miwili: mlango wa kuingilia, yaani uandikishaji wa darasa la kwanza, na mlango wa kutokea, yaani mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kilichomo kati ya milango hiyo hakijapewa uzito unaostahili. Insha hii inachunguza nafasi ya darasa la tano katika viunga vya Dar es Salaam, hususan Kinondoni na Temeke, tangu Mpango wa Miaka Kumi wa Elimu ya Waafrika wa mwaka 1947 hadi mabadiliko ya mtaala yaliyoanza kutekelezwa Januari 2024.

Hoja inayojengwa ni kwamba darasa la tano lilianza kama lango la mchujo, na lango hilo lilipoondolewa, likawa mahali ambapo ahadi ya kumwandikisha kila mtoto ilipimwa kwa vitendo. Mtoto aliyeandikishwa kwa tamko la kisera hufika darasa la tano miaka minne baadaye, wakati shamrashamra za tamko zimekwisha. Majina ya Kinondoni na Temeke yanatumika hapa kwa maana ya eneo lote lililokuwa chini ya wilaya hizo kabla ya kuundwa kwa wilaya za Ubungo na Kigamboni.

2.0 Darasa la Tano kama Lango la Mchujo

Chini ya utawala wa Waingereza, elimu ilitolewa kwa misingi ya rangi. Watoto wa Kizungu, wa Kiasia na wa Kiafrika walikuwa na shule zao mbalimbali, na mgawanyo huo ulifutwa rasmi Januari 1962. Kwa mtoto wa Kiafrika, ngazi ya kwanza ilikuwa ya miaka minne. Mtihani wa darasa la nne uliwatenga wachache walioendelea na darasa la tano katika shule za kati, ambazo zilikwenda hadi darasa la nane, na wengi waliorudi nyumbani. Kwa hiyo, kuingia darasa la tano kulikuwa tukio la kijamii. Huko ndiko Kiingereza kilikokazaniwa, na huko ndiko kulikoanzia njia ya kuelekea ukarani, ualimu na uuguzi.

Kwa wakazi wa Magomeni na Temeke, maeneo yaliyopanuliwa kwa ajili ya makazi ya Waafrika baada ya Vita Kuu ya Pili, mchujo huu ulikuwa na uchungu wa pekee. Kijana wa shamba aliyeishia darasa la nne aliweza kurejea katika kilimo cha wazazi wake. Kijana wa mjini hakuwa na shamba la kurejea, na mji nao ulikuwa ukiajiri kwa kuangalia cheti. Lango la darasa la tano liliamua nani angekuwa mfanyakazi wa ofisini na nani angekuwa kibarua wa bandarini.

Uhuru haukuliondoa lango hilo mara moja. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka uliotolewa Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kuwa ni takriban asilimia 13 tu ya watoto wanaomaliza shule za msingi waliopata nafasi katika shule za sekondari. Hitimisho lake lilikuwa kwamba elimu ya msingi ijitosheleze yenyewe badala ya kuwa maandalizi ya elimu ya wachache. Kutokana na fikra hiyo, madarasa saba yalichukuliwa kuwa safari moja isiyokatizwa, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika safari yote. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa 1969–1974 ulilenga kuwawezesha walioanza darasa la kwanza kufika la saba. Darasa la tano likaacha kuwa tuzo, likawa haki.

3.0 Wimbi la Kwanza: Elimu ya Msingi kwa Wote

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wenye umri wa kwenda shule wawe wameandikishwa ifikapo Novemba 1977. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima. Kitaifa, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliongezeka kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi milioni 3.5 mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Dar es Salaam ilipokea wimbi hili wakati yenyewe ikifurika. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 katika jiji. Sensa ya 1978 ilihesabu 843,090 katika mkoa. Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na baadaye Mbagala na Tabata, huku Manzese ikiboreshwa ikiwa tayari imejaa nyumba. Mahali palipopimwa, eneo la shule lilitengwa kwenye ramani. Mahali ambapo watu walitangulia mpimaji, shule iliwafuata watu na kubanwa katika nafasi iliyosalia.

Hesabu ya miaka ndiyo inayodhihirisha mzigo wa darasa la tano. Watoto walioanza shule mwaka 1978 walifika darasa la tano mwaka 1982. Kati ya miaka hiyo kulikuwa na vita vya Kagera, upungufu wa fedha za kigeni na uhaba wa bidhaa, karatasi ikiwa miongoni mwake. Walimu wengi walioajiriwa kwa ajili ya mpango huo walikuwa wamemaliza darasa la saba na kufunzwa kazini. Waliweza kufundisha kusoma na kuandika, lakini katika darasa la tano walikabiliwa na sehemu, desimali na asilimia, na Kiingereza ambacho wao wenyewe walikipata kwa shida. Katikati ya muongo huo michango ya wazazi ilirejeshwa. Lango lililoondolewa kisheria likaanza kujengwa upya kwa gharama za sare, madaftari na michango.

4.0 Mwaka wa Shule: Yanayofunzwa na Yanayopitiwa

Mwaka wa shule huanza Januari, na kwa mwanafunzi wa darasa la tano huanza na mabadiliko ya hadhi. Aliyekuwa mdogo mwaka uliopita sasa huhesabiwa miongoni mwa wakubwa. Hupewa zamu ya kusimamia usafi, kupiga kengele na kuandika majina ya wapiga kelele, na katika mchakamchaka wa asubuhi huenda akaongoza nyimbo. Shule za viunga zilipoagiza wanafunzi waje na fagio na dumu la maji, waliofika darasa la tano ndio waliobeba madumu makubwa. Elimu ya kujitegemea, iliyokusudiwa kumfundisha mtoto uzalishaji shambani, mjini ilielekea kupungua hadi kuwa bustani ndogo, ufagiaji na uchotaji wa maji, kwa kuwa ardhi yenyewe haikuwapo.

Kitaaluma, huu ndio mwaka ambao mtoto huacha kujifunza kusoma na kuanza kusoma ili ajifunze. Hutakiwa kuelewa habari ndefu, kutunga insha, kuandika barua, kusoma ramani na kugeuza sehemu kuwa asilimia. Aliyefika bila kumudu kusoma hana tena somo la kumrudisha nyuma. Tathmini za Uwezo, zilizoanza kutolewa mwaka 2010, zilidhihirisha kuwa baadhi ya wanafunzi wa madarasa ya juu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2015 ulijibu hali hiyo kwa kuyaelekeza madarasa mawili ya kwanza katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Jibu hilo liliwafaa waliokuwa wakiingia. Waliokwisha kufika darasa la tano waliendelea na walichokuwa nacho.

Nje ya darasa, mwaka ulikuwa na elimu yake. Daladala, zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1983, zilimfundisha mtoto wa Mbagala au Kimara kwamba nauli yake ndogo ilimfanya abiria asiyetakiwa. Alisimama kituoni akiruka kutoka mlango hadi mlango huku makondakta wakimzuia. Fimbo nayo ilikuwa sehemu ya mwaka, ingawa kanuni za mwaka 2002 ziliiwekea mipaka ya viboko visivyozidi vinne na kumpa mamlaka mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Masomo ya ziada ya jioni, tuisheni, yaliwatenganisha watoto wa darasa moja kwa uwezo wa mzazi wa kulipa. Na Aprili 29, 2009, siku ya Jumatano, maghala ya silaha ya jeshi yalipolipuka Mbagala, watoto wengi walitawanyika na kupotezana na wazazi wao. Takwimu za uandikishaji na matokeo ya mitihani hazioneshi lolote kati ya hayo.

5.0 Mawimbi ya 2002 na 2016

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa 2002–2006 uliambatana na kufutwa kwa ada na ruzuku iliyolingana na dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi. Wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2004. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 1,083,913 Kinondoni na 768,451 Temeke. Ya 2012 ilihesabu 1,775,049 na 1,368,881. Kwa maneno mengine, wimbi la sera lilipiga mahali ambapo wimbi la watu lilikuwa halijatulia.

Darasa la tano la kipindi hiki lilikuwa na sura ya pekee. Mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, MEMKWA, uliwawezesha wenye umri wa miaka 11 hadi 13 kusoma kwa muda mfupi, kufanya mtihani wa darasa la nne na kuingia moja kwa moja darasa la tano. Hivyo lango la kale likatumika kwa kazi mpya ya kumrudisha aliyeachwa nje. Hata hivyo, mtihani uleule uliwarudishisha darasa wengine waliokuwa tayari ndani.

Wimbi la tatu lilianza Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 kuondoa ada na michango ya lazima. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 8.3 mwaka 2015 hadi milioni 9.3 mwaka 2017. Walioandikishwa mwaka 2016 walifika darasa la tano mwaka 2020. Machi 17 mwaka huo shule zilifungwa kutokana na UVIKO-19, na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Vipindi vya redio na televisheni vilimfaa mtoto mwenye vifaa na utulivu nyumbani. Katika nyumba ya kupanga chumba kimoja, vyote viwili vilikuwa adimu. Kwa mara nyingine, kundi lililobeba ahadi kubwa lilifika darasa la tano katika mwaka mgumu.

6.0 Darasa la Tano katika Mfumo Mpya

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Utekelezaji ulianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, likiwamo la tatu. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo walibaki katika utaratibu wa zamani. Hivyo darasa la tano la mwaka 2025 ndilo la mwisho kuelekea darasa la saba, na la mwaka 2026 ndilo la kwanza kuelekea darasa la sita kama tamati. Makundi yote mawili yanakutana mwaka 2027 yakidai nafasi za sekondari kwa pamoja.

Kwa mabadiliko haya, darasa la tano limeacha kuwa mwaka wa katikati. Sasa ni mwaka unaotangulia wa mwisho. Muda wa kumsaidia aliyechelewa umepungua. Ikiwa historia iliyoelezwa hapo juu ina funzo, ni kwamba msongamano na pengo la stadi havitoweki kwa kufupisha safari. Hujitokeza mapema zaidi.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kuwa darasa la tano katika Kinondoni na Temeke limepitia sura tatu: lango la wachache, haki ya wote na, tangu 2024, kizingiti cha kumalizia. Katika kila wimbi la uandikishaji, la 1978, la 2002 na la 2016, serikali ilifanikiwa kumfikisha mtoto mlangoni. Hata hivyo, walimu wa masomo ya madarasa ya juu, vitabu na nafasi ya kukaa vilihitajika miaka minne baadaye, na mara nyingi havikuwa vimepangwa kwa kasi ileile. Kwa mtazamo huo, mafanikio ya sera ya elimu ya msingi yapimwe pia kwa kuuliza kile anachoweza kufanya mtoto wa Mbagala au Manzese mwishoni mwa darasa la tano, mbali na kuhesabu walioingia na waliofaulu. Swali hilo ndilo litakaloonesha kama lango la mwaka 1947 liliondolewa kweli, au lilihamishiwa ndani ya darasa.