Maoni ya umma kuhusu wakimbizi wa Syria na serikali za kigeni

Maoni ya umma kuhusu wakimbizi wa Syria na serikali za kigeni ni misimamo ya wananchi wa nchi mbalimbali juu ya namna serikali zao zilivyoshughulikia vita vya Syria vilivyoanza mwaka 2011, pamoja na watu waliovikimbia. Misimamo hiyo ilipimwa kwa tafiti za maoni na kwa chaguzi. Nchini Hungaria ilipimwa pia kwa kura ya maoni ya nchi nzima. Ilionekana vilevile barabarani, katika maandamano ya kuwakaribisha wakimbizi na ya kuwakataa.

Katika nchi nyingi wananchi hawakuridhika na serikali zao, lakini kutoridhika huko hakukuwa na maana moja. Wapo walioilaumu serikali kwa kupokea watu wengi mno, wapo walioilaumu kwa kupokea wachache, na wapo waliokerwa na vurugu za mapokezi yenyewe. Kwa sababu hiyo takwimu moja imetumiwa na pande zote mbili kudai kwamba "wananchi wako nasi".

Istilahi

Katika Kiswahili maneno "kura ya maoni" hutumika kwa mambo zaidi ya moja. Huwa ni kura rasmi ambayo wananchi wote huulizwa swali na serikali; nchini Tanzania huwa pia ni uteuzi wa wagombea ndani ya chama; na magazeti mengine huyatumia kwa uchunguzi unaofanywa na kampuni kwa kuwahoji watu elfu moja au mbili. Katika makala hii "kura ya maoni" ni ile kura rasmi tu. Uchunguzi wa sampuli unaitwa "utafiti wa maoni". Tofauti hii si ya lugha tu, kwa kuwa katika kura rasmi anayekaa nyumbani amesema jambo, lakini katika utafiti hahesabiwi.

Usuli

Maandamano dhidi ya serikali ya Bashar al-Assad yalianza Machi 2011, hasa katika mji wa Daraa, yakageuka kuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kabla ya vita Syria ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 20. Miaka kumi baadaye zaidi ya nusu yao walikuwa wameyahama makazi yao, na zaidi ya milioni 6 kati yao walikuwa nje ya nchi. Wengi wa hao walikaa Uturuki, Lebanoni na Yordani. Waliofika Ulaya walikuwa sehemu ndogo, ingawa habari nyingi zilizoandikwa zilikuwa juu ya hao.

Maoni kuhusu kuingilia vita

Tarehe 21 Agosti 2013 silaha za kemikali zilitumika katika eneo la Ghouta karibu na Damasko, zikaua mamia ya watu. Serikali za Marekani, Uingereza na Ufaransa zilifikiria kuishambulia Syria kwa ndege na makombora. Wananchi wa Marekani na Uingereza, waliokuwa bado wanakumbuka vita vya Iraq, hawakutaka. Tarehe 29 Agosti Bunge la Uingereza lilikataa hoja ya serikali kwa kura 285 dhidi ya 272. Nchini Marekani utafiti wa Gallup wa mwanzoni mwa Septemba ulionyesha asilimia 51 wakipinga mashambulizi na asilimia 36 wakiyaunga mkono. Rais Barack Obama alikuwa ameomba idhini ya bunge, lakini kura haikupigwa kamwe, kwani Urusi na Marekani zilikubaliana kwamba Syria isalimishe silaha hizo.

Nchi jirani

Uturuki ilianza kupokea Wasyria mwaka 2011. Serikali haikuwaita wakimbizi bali "misafir", yaani wageni. Neno hilo lina asili moja ya Kiarabu na neno letu "msafiri". Kwa Waswahili mgeni ni wa siku mbili, siku ya tatu hupewa jembe. Huko Uturuki kanuni ya kuwapa Wasyria vibali vya kazi ilitolewa Januari 2016 tu, karibu miaka mitano baada ya wa kwanza kufika, na hata baada ya hapo wengi waliendelea kufanya kazi bila kibali kwa ujira mdogo. Wafanyakazi wa Kituruki wenye kipato cha chini waliona ushindani, nao waajiri waliona faida.

Idadi ya Wasyria nchini humo ilifikia takriban milioni 3.6, kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Uchumi ulipodhoofika na bei kupanda, subira ya wananchi ilipungua. Agosti 2021 maduka na nyumba za Wasyria zilishambuliwa katika mtaa wa Altındağ jijini Ankara, na mwishoni mwa Juni 2024 ghasia za namna hiyo zilitokea Kayseri. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2023 kuwarudisha Wasyria kwao kulikuwa ahadi ya wapinzani, na kabla ya duru ya pili mgombea wao Kemal Kılıçdaroğlu aliisisitiza hata katika mabango. Recep Tayyip Erdoğan alishinda, lakini naye kwa wakati huo alikuwa akizungumzia kurudi kwao.

Lebanoni ilibeba mzigo mkubwa zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake: Wasyria zaidi ya milioni 1 walioandikishwa, katika nchi yenye wenyeji milioni nne hivi. Walebanoni wengi walikuwa na kumbukumbu ya jeshi la Syria lililokaa nchini mwao tangu 1976 hadi 2005, na ya wakimbizi wa Kipalestina waliokuja kwa muda mwaka 1948 na bado wapo. Serikali ilikataa kujenga kambi rasmi, na Mei 2015 ililitaka Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lisimamishe uandikishaji. Yordani kwa upande wake ilifungua kambi ya Zaatari mwaka 2012.

Ulaya mwaka 2015

Tarehe 31 Agosti 2015 Chansela Angela Merkel wa Ujerumani aliwaambia waandishi wa habari kwamba nchi yake italiweza jambo hilo. Siku mbili baadaye mwili wa mtoto mdogo wa Kisyria uliokotwa ufukweni karibu na Bodrum, Uturuki, na picha yake ilienea duniani. Nchini Uingereza ombi la wananchi la kutaka wakimbizi zaidi wapokewe lilipata saini zaidi ya 400,000, na tarehe 7 Septemba Waziri Mkuu David Cameron alitangaza kwamba Wasyria 20,000 watapokewa katika muda wa miaka mitano. Katika kituo cha treni cha Munich wenyeji waliwapokea waliowasili kwa makofi, chakula na nguo.

Hali hiyo haikudumu. Utafiti wa kila mwezi wa televisheni ya ARD ulionyesha kwamba Wajerumani walioogopa wingi wa wakimbizi waliongezeka kutoka asilimia 38 mwezi Septemba hadi 51 mwezi Oktoba 2015. Ikumbukwe kwamba ongezeko hilo lilitokea kabla ya mashambulizi ya Paris ya tarehe 13 Novemba, yaliyoua watu 130, na kabla ya usiku wa mwaka mpya mjini Cologne, ambapo wanawake wengi walidhalilishwa na makundi ya wanaume waliotajwa na polisi kuwa wengi wao wahamiaji. Mara nyingi husemwa kwamba matukio hayo mawili ndiyo yaliyobadili mawazo ya Wajerumani. Yalichangia, lakini kupungua kwa imani kulikuwa kumeanza pale manispaa zilipokosa vitanda na watumishi. Kufikia Februari 2016 asilimia 81 walisema serikali haiimudu hali.

Mwaka 2015 watu wapatao 890,000 waliingia Ujerumani kutafuta hifadhi; Wasyria walikuwa kundi kubwa kuliko yote, ingawa walikuwepo pia Waafghani, Wairaki na wengine. Uswidi, yenye wakazi milioni kumi tu, ilipata maombi karibu 163,000. Tarehe 24 Novemba serikali yake ilitangaza masharti makali, na naibu waziri mkuu Åsa Romson alibubujikwa machozi mbele ya kamera alipokuwa akiyaeleza.

Chama cha AfD cha Ujerumani, kinachopinga uhamiaji, kilipata asilimia 12.6 ya kura mwaka 2017 na kuingia katika bunge la shirikisho kwa mara ya kwanza.

Kura ya maoni ya Hungaria

Septemba 2015 mawaziri wa Umoja wa Ulaya waliamua kuwagawa waomba hifadhi waliokuwa Italia na Ugiriki kwa nchi wanachama. Hungaria, Ucheki, Slovakia na Romania zilipinga. Waziri Mkuu Viktor Orbán alikuwa amekwisha jenga uzio mpakani na Serbia, akaitisha kura ya maoni tarehe 2 Oktoba 2016. Zaidi ya asilimia 98 ya kura halali zilikataa mgawo. Hata hivyo sheria ilidai kura halali za angalau nusu ya wapiga kura wote walioandikishwa, nazo zilikuwa asilimia 41 hivi. Wapinzani walikuwa wamewashauri watu wasiende kupiga kura au waharibu karatasi. Serikali ilitangaza ushindi, ilhali kisheria kura hiyo haikuwa na nguvu.

Mwaka 1956, baada ya jeshi la Kisovyeti kuzima mapinduzi ya Budapest, Wahungaria wapatao 200,000 walikimbilia Austria na Yugoslavia na kupokewa katika nchi nyingi. Pande zote mbili za kampeni ya 2016 zilikumbushia historia hiyo, kila upande kwa tafsiri yake.

Umuhimu wa swali lililoulizwa

Kituo cha utafiti cha Pew kiliuliza mwaka 2016 kama watu wanaridhika na jinsi Umoja wa Ulaya ulivyoshughulikia suala la wakimbizi. Wasioridhika walikuwa asilimia 94 Ugiriki, 88 Uswidi, 72 Hungaria na 67 Ujerumani. Ukiangalia namba hizo peke yake utadhani Mgiriki, Mswidi na Mhungaria walitaka kitu kimoja.

Mwaka 2018 kituo hichohicho kiliuliza swali jingine katika nchi kumi za Umoja huo: je, nchi yako ipokee wakimbizi kutoka nchi ambako watu wanakimbia ghasia na vita? Kiwango cha kati cha waliokubali kilikuwa asilimia 77. Hispania ilikuwa na asilimia 86, Ujerumani 82, na Hungaria 32. Watu walewale waliotaka wakimbizi wa vita wapokewe waliendelea kulalamikia utendaji wa Umoja wa Ulaya. 

Mkataba kati ya Umoja wa Ulaya na Uturuki wa tarehe 18 Machi 2016 ulipunguza sana safari za kuvuka Bahari ya Aegean. Uturuki iliahidiwa jumla ya yuro bilioni 6 kwa ajili ya kuwahudumia wakimbizi. Katika mpango wa mgawo, ambao ulikusudia watu 160,000, waliohamishwa kweli walikuwa chini ya 35,000.

Amerika ya Kaskazini

Baada ya mashambulizi ya Paris magavana zaidi ya 30 wa Marekani walisema hawataki Wasyria katika majimbo yao. Gallup ilikuta asilimia 60 wakipinga mpango wa Obama wa kupokea Wasyria 10,000. Mpango ulitekelezwa hata hivyo na kukamilika Agosti 2016. Januari 2017 Rais Donald Trump alisimamisha mapokezi ya Wasyria. Msimamo huo wa Wamarekani haukuwa mpya. Mwaka 1958 asilimia 55 walipinga kuwapokea Wahungaria 65,000, na mwaka 1979 asilimia 57 walipinga kuongeza idadi ya wakimbizi kutoka Indochina. Mara zote hizo serikali iliwapokea, bila kungoja wengi wakubali.

Kanada ilipokea Wasyria 25,000 kufikia mwisho wa Februari 2016. Sehemu yao walidhaminiwa na vikundi vya raia wa kawaida, majirani au waumini wa kanisa moja, waliochanga fedha za kuitunza familia kwa mwaka mzima.

Athari katika Afrika ya Mashariki

Mei 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba itaifunga kambi ya Dadaab, iliyokuwa na mamia ya maelfu ya wakimbizi, wengi wao Wasomali. Sababu kuu iliyotolewa ilikuwa usalama, lakini maafisa wake walisema pia kwamba nchi tajiri za Ulaya zilikuwa zikiwafukuza Wasyria huku zikiitaka Kenya ivumilie. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kufunga kambi hiyo kulikuwa kinyume cha katiba.

Ulinganisho na Ukraine

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Poland, ambayo ilikuwa imekataa Wasyria wa mgawo, ilifungua mpaka wake kwa mamilioni ya Waukraine. Utafiti wa taasisi ya CBOS wa Machi 2022 ulionyesha asilimia 94 ya Wapolandi wakiunga mkono. Baadhi ya waandishi walieleza tofauti hiyo kwa rangi na dini, wengine kwa ujirani na hofu ya pamoja dhidi ya Urusi. Tarehe 28 Februari Umoja wa Afrika ulilalamikia taarifa za Waafrika kuzuiwa kuvuka mpaka wa Ukraine. Lakini kufikia mwisho wa 2024 uungaji mkono nchini Poland ulikuwa umeshuka hadi nusu hivi, ingawa Waukraine hawakuwa wamebadilika rangi wala dini.

Baada ya kuanguka kwa Assad

Serikali ya Assad ilianguka tarehe 8 Desemba 2024. Siku iliyofuata Ujerumani ilisimamisha uamuzi juu ya maombi ya hifadhi ya Wasyria, na nchi nyingine kadhaa za Ulaya zikafanya vivyo hivyo. Katika uchaguzi wa Ujerumani wa Februari 2025, ambao uhamiaji ulikuwa mada yake kubwa, AfD kilipata asilimia 20.8. Wakati huo Wasyria wengi waliofika mwaka 2015 walikuwa wamepata uraia wa Ujerumani, nao walipiga kura kama wengine.