Nyumba Isiyo na Mlango: Historia Fupi ya Yai la Kuchemsha

Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango.

Jibu tunalijua tangu chekechea: yai. Lakini kitendawili hiki humtesa mpishi kuliko mtoto. Nyama unaidunga kwa uma, wali unauonja, ugali unausikia ukikaza mwikoni. Yai halikuambii kitu. Linaingia majini likiwa kahawia, linatoka likiwa kahawia. Ukilipasua ili uchungulie, umeshaliharibu. Kwa hivyo historia ya yai la kuchemsha ni historia ya watu waliojaribu kujua kinachotendeka ndani ya nyumba wasiyoweza kuingia. Na huku kwetu kuna swali la pili, zito zaidi: yai likishaiva, nani aliruhusiwa kulila?

Tuanze mbali. Warumi walipenda kufungua mlo kwa mayai. Kitabu chao cha mapishi kinachojulikana kwa jina la Apicius kina mchuzi maalum wa mayai laini: pilipili manga, mbegu za msonobari zilizolowekwa, asali, siki na maji ya samaki waliochachushwa. Kila kitu kimo isipokuwa muda. Hakuna anayekuambia uchemshe dakika ngapi, kwa sababu dakika bado ilikuwa haijaingia jikoni. Mpishi alitakiwa kujua, basi.

Ulaya ya zama za kati ilipata njia yake: sala. Mapishi yaliagiza kitu kiachwe motoni kwa muda wa kusema Baba Yetu kadhaa. Usidhani huo ulikuwa uchaji mtupu. Sala ilikuwa saa ya umma, ya bure, isiyohitaji betri. Kila mtu aliijua kwa moyo, na kila mtu aliisema kwa mwendo ambao majirani zake waliutambua. Baadaye ikaja saa ya mchanga, na kufikia karne ya 19 jikoni nyingi za Uingereza zilikuwa na kisaa kidogo cha kioo cha kupimia yai. Mchanga ukimalizika kushuka, dakika tatu zimeisha, toa yai.

Dakika tatu hizo ndizo zilizopanda reli kuja huku. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na walowezi walikuja na kiamsha kinywa chao. Mwaka 1928 akina mama wa kanisa la St Andrew's jijini walikuwa tayari wametoa kitabu cha mapishi cha walowezi wa Kenya. Lakini aliyesimama mbele ya jiko mara nyingi hakuwa bibi mwenye nyumba. Alikuwa mwanamume Mwafrika, maana kazi za nyumbani za wakati huo zilifanywa zaidi na wanaume. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikuja kutoka Kakamega akiwa kijana, akapata kazi ya jikoni, na kwa miaka alichemsha mayai ya watu wengine kila asubuhi.

Kitu kimoja alichotuambia ni kwamba mchanga ulikuwa unadanganya. Ukigeuza kile kisaa mara moja, yai lilitoka na ute wa majimaji, na bwana akanuna. Kwa hivyo babu aligeuza, akangoja, kisha akaongeza muda wa kufuta vijiko vyote vya meza. Hakuwa na maelezo. Alikuwa na vijiko.

Maelezo yapo, na ni ya ajabu kidogo ukiyasikia mara ya kwanza. Maji ya Nairobi hayachemki kwa digrii 100. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyopungua uzito na maji yanavyochemka mapema. Hapa yanachemka kwa digrii 94 hivi. Mombasa ndiyo hufika 100. Nyahururu, zaidi ya mita 2,300, hayafiki hata 93. Na usijidanganye kwamba ukiongeza moto utayasukuma. Maji yakishachemka, moto wa ziada unakula tu gesi yako.

Charles Darwin alikutana na jambo hili mwaka 1835 akivuka milima ya Andes. Viazi vilichemka kwa masaa na vikabaki vigumu. Sufuria ikaachwa motoni usiku kucha, wapi. Wenzake wakakata kauli kwamba kosa ni la sufuria: ilikuwa mpya, na haikutaka kupika viazi. Mimi nawaelewa. Kitu kikikataa jikoni, wa kwanza kulaumiwa ni sufuria, wa pili ni mpishi. Nani atafikiria kulaumu mlima? Babu alilaumiwa kwa miaka kwa sababu ya kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya nchi ya chini kuliko hii.

Sasa geuza macho magharibi, kule babu alikotuma pesa. Kukhu, mke wake, alifuga kuku. Aliwalisha, aliwafungia usiku, aliyajua mayai ya kila kuku kwa rangi. Na hakula hata moja. Kwa Waluhya wa zamani, kama ilivyokuwa kwa Waluo na jamii nyingine kadhaa za eneo hili, mwanamke hakula kuku wala yai. Watoto pia walizuiwa. Sababu zilikuwa nyingi: mama atapata shida ya uzazi, mtoto atachelewa kuongea. Sababu moja tu ilikuwa na hesabu ndani yake, kwamba yai likiachwa huwa kuku, na kuku huwa karo, mahari au zawadi ya mgeni. Lakini hesabu hiyo haielezi kwa nini mwanamume alikula.

Hiyo picha sijawahi kuitoa kichwani: mume mjini akichemshia wageni mayai yasiyo yake, mke kijijini akitunza mayai yake yasiyoruhusiwa kinywani mwake. Familia moja, mayai kila upande, na hakuna aliyekaa akala.

Mwiko huu haukufutwa na sheria yoyote. Ulichakaa polepole. Shule ya Jeanes kule Kabete, kuanzia mwaka 1925, ilifunza walimu pamoja na wake zao mambo ya nyumbani. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanza 1952, ilieneza mafunzo ya mapishi, usafi na ulezi vijijini. Kliniki zikawaambia kina mama wawape watoto mayai. Wasichana wakaenda shule za bweni, wakarudi na tabia za bweni. Kukhu mwenyewe alikula yai lake la kwanza uzeeni, baada ya daktari kumwamuru. Lilikuwa limechemshwa hadi kiini kikazungukwa na utepe wa kijani. Alitafuna, akameza, akauliza, “Ni hiki tu walichokuwa wanatuficha?”

Ule utepe wa kijani, kwa taarifa yako, si sumu. Ni salfa ya ute imekutana na madini ya chuma ya kiini kwa sababu yai limekaa motoni kupita kiasi.

Leo dada yeyote akitoka kazini anaweza kusimama penye kibanda cha smokie, akaambia jamaa ampasulie yai moja, aweke kachumbari na pilipili, na akalimalizia hapohapo stejini. Hakuna anayemtazama mara mbili. Kwangu mimi hilo ni badiliko kubwa kuliko vidude vyote vya jikoni.

Vidude navyo vipo. Kile cha stima cha kuchemshia mayai kinakuja na kikombe chenye mistari. Unapima maji kidogo, yanageuka mvuke, yakiisha swichi inajizima. Yaani ni saa ya mchanga, ila mchanga wake ni maji. Na mvuke wa Nairobi ni wa digrii 94 vilevile, hivyo mstari wa wastani mara nyingi hukupa yai laini kuliko ulivyoahidiwa. Mwaka 2025 wanasayansi wa Italia walienda mbali zaidi: walihamisha yai kila dakika mbili kati ya maji ya digrii 100 na ya digrii 30, kwa dakika 32, ili ute na kiini kila kimoja kiive kwa joto lake. Ni kweli ute na kiini havigandi pamoja. Lakini dakika 32 asubuhi, na matatu inangoja?

Kwa bedsita yangu, sufuria inatosha. Chemsha maji kwanza, teremsha yai kwa kijiko, ndipo uanze kuhesabu. Kwa yai lililokaa nje ya friji, dakika sita za Mombasa huwa saba na kidogo hapa, maana kimo chetu huongeza muda. Kwa lugha rahisi: ongeza dakika moja kwa kila tano. Ukitaka kiini kikavu, nenda kumi na moja au kumi na mbili, kisha maji baridi mara moja.

Yai la kupikwa bila ganda lina sheria tofauti. Wafaransa walilipa jina linalotokana na mfuko, kwa kuwa ute hufunika kiini kama mfuko. Hapo taka yai la leo. Livunje kwenye chujio dogo ute mwepesi uchuruzike, kisha ulitelezeshe kwenye maji yanayotetemeka tu, si yanayoruka. Yai la siku kadhaa liweke la kuchemsha na ganda, kwa sababu huambuka vizuri kuliko la jana.

Ukiwa Limuru, Kitale au Kisumu, dakika zangu hazikuhusu sana. Chukua mayai matatu, toa moja kila baada ya dakika, uyapasue, na uandike zako ukutani kando ya jiko.