Nguo Zilizokatwa: Nakshi za Wafumaji wa Misri ya Kale

Aingiaye katika makumbusho ya Victoria and Albert huko London, au ya Louvre huko Paris, hukuta vipande vya nguo kutoka Misri vimewekwa ndani ya vioo: hapa duara lenye sungura, pale mraba wenye mpanda farasi, kando yake ukanda mrefu wa majani ya mzabibu. Kwa desturi huitwa nguo za Wakopti. Mtazamaji hustaajabia nakshi akaenda zake. Wachache hujiuliza: nguo yenyewe iko wapi?

Vipande hivyo vilitoka makaburini. Ilipofifia desturi ya kukausha maiti kwa dawa, Wamisri waliwazika wafu wao wakiwa wamevaa mavazi yao, na mchanga mkavu ukayahifadhi. Katika miaka ya 1880 makaburi ya Akhmim yalifukuliwa, na mwaka 1896 Mfaransa Albert Gayet akaanza kuchimbua Antinoë. Wachuuzi, na hata wachimbuaji wengine, walitaka mapambo tu. Wakashika mkasi, wakakata nakshi, kitani kitupu wakakitupa. Vipande vya kanzu moja viliweza kuuzwa nchi mbalimbali. Nani aliivaa, mwanamume au mwanamke, mtoto au mzee, mara nyingi hatuwezi tena kusema.

Hasara hiyo yazidi tukikumbuka kwamba kwa fundi yule pambo na nguo havikuwa vitu viwili. Kanzu ilifumwa nzima, kuanzia mkono mmoja hadi wa pili, na nafasi ya shingo ikaachwa wazi mtamboni. Mtande ulikuwa wa kitani. Mfumaji alipofika mahali pa nakshi, aliuacha mshindio wa kitani akaingiza nyuzi za sufu, kwa maana sufu hushika rangi vizuri kuliko kitani. Zambarau ya kweli, fahari ya wafalme, ilitoka kwa konokono wa baharini kwa gharama kubwa. Wafumaji wengi waliiiga kwa kuchanganya nili na rangi nyekundu ya mizizi. Kisha, kwa uzi mwembamba mweupe, wakachora jicho, kidole, mishipa ya jani.

Jina "Kikopti" nalo lahitaji tahadhari. Limepitia Kiarabu, na asili yake ni jina la Kiyunani la nchi ya Misri. Leo huwataja Wakristo wa huko. Lakini nakshi nyingi zinaonyesha Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wayunani, wacheza ngoma, samaki na bata wa mto Nile. Je, wavaaji walikuwa wapagani? Si lazima. Picha za zamani zilipendwa na watu wa dini zote, na mzabibu ulikuwa ishara ya Kanisa pia. Wala picha za Kikristo hazikumpendeza kila mchungaji: yapata mwaka 400 Askofu Asterius wa Amasea, katika Asia Ndogo, aliwakemea matajiri waliovaa visa vya Injili, akawashauri wauze nguo hizo na kuwajali wagonjwa walio hai.

Kati ya nakshi zote, mimi huvutwa na maduara mekundu ya Yusufu, ya karne ya 7 hivi. Katikati ni ndoto yake ya jua, mwezi na nyota. Pembeni nduguze wanamtumbukiza shimoni, wanamchinja mbuzi ili walipake damu vazi lake, kisha wanamwuza. Kisa cha mtu aliyevuliwa nguo yake kimetufikia juu ya kipande kilichokatwa kutoka nguo ya maiti.

Waarabu walipoitwaa Misri, mwaka 641 hivi, wafumaji hawakuacha kazi. Baadaye viwanda vya watawala vilifuma nguo zenye maandishi ya majina ya makhalifa, zikaitwa tirazi. Sisi walimu wa lugha tunalifahamu neno hilo: mzizi wake ndio uliotupa kitenzi chetu "kutarizi".