Zamu ya Mgeni Kwenye Vikao vya Hifadhidata

Kikao cha jioni cha wasanidi wa hifadhidata mimi hukipima kwa jambo moja: aliyeanza kujifunza SQL mwezi uliopita anapata nafasi ya kusema, au anarudi nyumbani na swali lake? Tuchukue swali la kawaida kabisa. Kijana ana jedwali la wateja katika PostgreSQL, ameweka indeksi kwenye safu ya barua pepe, lakini kila akimtafuta mteja mmoja anasubiri sekunde kadhaa. Afanyeje?

Marekani ina mfano wa zamani wa kikao kinachompa mtu kama huyo nafasi. Homebrew Computer Club ilianza tarehe 5 Machi 1975 katika gereji ya Gordon French, Menlo Park, California, na Steve Wozniak, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Apple, alikuwamo usiku huo wa kwanza. Haikuwa klabu ya hifadhidata, ila utaratibu wake unatufaa hadi leo. Baadaye, vikao vilipohamia ukumbi mkubwa, Lee Felsenstein aliviendesha kwa awamu mbili. Kwanza watu walisimama mmoja mmoja wakaeleza wanachotengeneza, wanachotafuta au walichosikia. Kisha mkutano ulivunjika, kila mtu akamfuata yule aliyemvutia.

Katika kikao cha namna hiyo kijana wetu husema shida yake kwa sentensi mbili tu, na awamu ya pili watu humzunguka kwenye laptopu yake. Mmoja humwambia aandike EXPLAIN mbele ya kwiri. Jibu linasema Seq Scan, yaani hifadhidata inasoma jedwali zima, mstari kwa mstari. Sababu ni kwamba kwiri inatafuta lower(email), yaani barua pepe iliyogeuzwa herufi ndogo, na indeksi imejengwa juu ya email peke yake. Indeksi ikijengwa juu ya lower(email), tatizo limekwisha.

Ujerumani wana Stammtisch, meza ya baa au mgahawa inayotengewa kundi lilelile kila baada ya muda fulani. Watu wa Linux na programu huria wameirithi desturi hiyo. Hapana ratiba wala projekta, na mazungumzo huzama zaidi kuliko kwenye mada yoyote iliyoandaliwa. Swali la kijana lingejibiwa vizuri sana pale, pengine hadi jinsi PostgreSQL inavyokadiria gharama za kila njia. Lakini lazima kwanza athubutu kuwakatiza watu waliozoeana kwa miaka. Wengi hawathubutu, na sioni haki kuwalaumu.

Japani, ambako jumuiya ya watumiaji wa PostgreSQL iliundwa mwaka 1999, wasanidi wamezoea benkyokai, vikao vya kujifunza baada ya kazi. Mada hufuatana kwa saa, na mara nyingi zipo za dakika 5 ambazo hata mwanafunzi huruhusiwa kutoa. Hadharani maswali huwa machache; mengi hungoja tafrija inayofuata. Hata hivyo dakika hizo 5 ni hazina. Kijana aliyesaidiwa mwezi huu anaweza kusimama mwezi ujao aeleze kilichoichelewesha kwiri yake, na hakuna njia bora ya kulielewa jambo kuliko kulieleza mbele ya watu.

Kwetu, tangu kituo cha teknolojia cha iHub kifunguliwe Nairobi mwaka 2010, mikutano ya wasanidi programu si kitu kigeni. Ninachokiona kikikosekana mara nyingi ni zamu ya mgeni: mada moja ndefu hula saa nzima, maswali yakasukumiwa dakika za mwisho, wakati watu wanawahi usafiri.

Ndugu unayeandaa kikao, iwe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, anza na mzunguko wa maswali kabla ya mada yoyote, na usimtangulize mzoefu. Mwombe aliyefika kwa mara ya kwanza aseme kinachomsumbua. Kisha mwandikie dakika 5 kwenye ratiba ya mwezi ujao.