Kidaiso: nduguye Kikamba aliye hatarini

Kidaiso ni lugha ya Kibantu inayozungumzwa Bwiti na Magati, chini ya Milima ya Usambara, mkoani Tanga, Tanzania. Nasaba yake ni moja na Kikamba cha Mwingi, Kitui na Makueni, pamoja na Kikuyu. Wadaiso ni tawi la Wasegeju, ambao mwaka 1589 waliisaidia Malindi kuwashinda Wazimba.

Wasegeju wengi wa pwani walikwisha kuiacha lugha hiyo, wakashika Kidigo na Kiswahili. Waliobaki nayo ni wachache, na watoto wao husomeshwa kwa Kiswahili. Mwaka 2000 mwanaisimu Derek Nurse aliieleza kitabuni. Hata hivyo, kitabu huhifadhi maneno tu. Uhai wa lugha umo vinywani mwa watoto.