Kiingereza cha kuomba randevu ya hospitali ng'ambo ya Kasumbalesa

Kutoka Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa ni kilometa 90 hivi. Ukivuka uko Zambia, ambako Kiingereza ni lugha ya serikali tangu uhuru wa 1964, wakati sisi tulisoma kwa Kifaransa. Wagonjwa wa makanisa yetu wanapita njia hiyo kwenda kupimwa Kitwe, Ndola au Lusaka. Kibemba wengi wetu tunakijua, na mlangoni kinasaidia sana. Lakini simu ya kuomba randevu na karatasi za kujaza ni za Kiingereza.

Mama mmoja wa ushirika wetu alisindikizwa na mkwe wake, mume wa binti yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua Kiingereza. Muuguzi akauliza habari za damu. Kwetu mama hasemi mambo ya uzazi mbele ya mkwe wake. Alijibu hapana kwa kila swali, akarudi nyumbani na vidonge vya tumbo. Damu iliendelea miezi mitatu kabla hajawafungulia moyo wamama wa idara yao.

Kwa hiyo sisi hatufundishi sarufi. Tunafundisha sentensi chache ambazo mgonjwa ataweza kuzisema mwenyewe. Ya kwanza: "I would like to book an appointment for a medical check-up", maana yake ninaomba kushika nafasi ya kupimwa afya. Neno "book" hapa si kitabu. Ya pili, ambayo wamama waliidai wenyewe: "May I speak to a female nurse?", naomba kusema na muuguzi mwanamke. Tunaiweka mapema kwa makusudi, hata kabla ya kuuliza bei, "How much is the consultation?"

Kifaransa chetu kinatusaidia, tena kinatudanganya. Anayetaka "médecin" akasema "medicine" ataelekezwa kwenye duka la dawa, kwa sababu kwa Kiingereza hiyo ni dawa. Daktari ni "doctor". Hatari zaidi ni "tension". Hapa mjini kila mtu anajua ni ugonjwa gani, lakini Mzambia anaweza kuelewa kwamba una wasiwasi tu. Sema "high blood pressure". Vilevile "bilan" na "ordonnance" viache upande huu wa mpaka: sema "check-up" na "prescription".

Halafu kuna herufi za jina. Kwa Kifaransa herufi I inatajwa "i", na Mwingereza anasikia E yake. G yetu inasikika kama J yao, na J yetu inasikika kama G yao. Ilunga akitaja jina lake kwa simu kama alivyozoea, anaweza kuandikwa Elunja, na siku ya kufika hayumo katika orodha. Katika Waamuzi 12 watu walikamatwa penye vivuko vya Yordani kwa sababu ya sauti moja tu katika neno moja. Sisi tunapoteza safari na nauli, na hiyo ni hasara ya kutosha kwa mtu aliyeuza mbuzi ili asafiri. Dawa yake ni kutuma jina kwa ujumbe wa maandishi baada ya kupiga simu. Tangu siasa ya majina ya 1972 wengi wetu tuna jina la pili la kienyeji, nalo karatasi ya Zambia haina mstari wake. Fuata pasipoti yako: jina la ukoo kwenye "surname", mengine yote kwenye "other names".

Saa zetu na za Zambia ni sawa, ila sisi tunasema "quatorze heures" na wao wanasema "two p.m." Hivyo rudia siku na saa kabla ya kukata simu: "Tuesday, two p.m., correct?" Usione haya kusema "Please speak slowly". Namba za Zambia zinaanza na +260, na ile sifuri ya mbele inaondolewa. Kadi ya manjano ya chanjo iwe pamoja na pasipoti, maana mpakani wanaiuliza.

Mkalimani bado anahitajika kwa mazungumzo marefu na daktari. Awe mtu mzima wa jinsia moja na mgonjwa, anayejua kunyamaza, na mgonjwa amchague mwenyewe. Sisi wachungaji tusijipeleke bila kuitwa.

Yule mama alijizoeza Jumatano tatu, baada ya maombi, akiwa na daftari la mjukuu wake. Simu ya Ndola aliipiga mwenyewe, mlango umefungwa. Mkwe wake aliendesha gari, akamngojea nje.